Saa ya mfukoni iliyoandikwa Breguet: ni ya kweli? Na kwa nini inasimama?

"Shikamoo fundi. Naishi Lyon, na mwezi uliopita nilinunua saa ya mfukoni kwenye soko la vitu vya kale kwa euro 280. Kasha lake ni la fedha, inatiwa ufunguo kupitia tundu lililo usoni, na usoni imeandikwa Breguet à Paris. Nikiitia ufunguo, unazunguka vizuri halafu unagonga kitu kigumu. Inalia kama dakika kumi, kisha inasimama. Ndani nimeona mnyororo mdogo sana na kifuniko cha duara kilichochongwa majani. Mtu mmoja kaniambia nimeijaza kupita kiasi, mwingine kasema niidondoshee mafuta ya cherehani. Nataka kumpelekea baba Tanga atakapostaafu. Je, ni Breguet ya kweli? Niitengeneze, niing'arishe, au niiache ilivyo?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka: usitie ufunguo tena kwa sasa, na hayo mafuta ya cherehani yarudishe kwenye cherehani. Saa yako hukuijaza kupita kiasi. Breguet karibu hakika siyo. Lakini ni saa nzuri kuliko unavyodhani, na nitakueleza kwa nini, kwa sababu usipojua kilichomo ndani utaiharibu kwa nia njema kabisa.

Nianze na jina, maana najua ndilo lililokufanya ufungue pochi. Abraham-Louis Breguet, fundi saa, alizaliwa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1747, na mwaka 1775 akafungua karakana yake Paris, kwenye Quai de l'Horloge, ukingoni mwa mto Seine. Wateja wake walikuwa wafalme na majenerali. Malkia Marie-Antoinette alikuwa na saa zake, na ile maarufu zaidi, namba 160, iliagizwa kwa ajili ya malkia mwaka 1783 ikamalizika 1827, wakati malkia alishakatwa kichwa na Breguet mwenyewe alishafariki. Mwaka 1801 alipata hataza ya tourbillon, kizimba kinachozungusha gurudumu la mizani (lile linaloyumba huku na huku kuhesabu muda) ili makosa yanayoletwa na mvutano wa dunia yafidiane. Mtu wa namna hiyo jina lake ni mali, na waghushi walilijua hilo mapema, yeye mwenyewe akiwa hai.

Ndiyo maana, aliporudi Paris mwaka 1795 baada ya kukimbilia Uswisi wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, alianza kuweka sahihi ya siri. Kwenye uso wa enameli ilichorwa chini ya tarakimu ya 12, ndogo na hafifu kiasi kwamba ukitazama moja kwa moja huioni. Unaweza kujaribu leo jioni: zima taa, washa tochi ya simu, ilaze ubavuni karibu usawa na uso wa saa, kisha tazama hapo kwa lenzi huku ukiigeuza taratibu. Jina kubwa la rangi nyeusi linalosomeka kutoka upande wa pili wa chumba si ushahidi wa kitu. Hilo mtu yeyote aliweza kulipaka.

Sahihi ya siri isipoonekana, shauri halijakatika, kwa sababu si kila saa yake inayo. Lakini wewe umenipa dalili nyingine nzito zaidi: mnyororo na kile kifuniko cha duara. Hivyo ni viungo vya saa ya verji, yaani yenye mtambo wa gurudumu la taji na mabapa mawili nitakaoueleza chini, mtindo ambao wakati wa Breguet ulikuwa wa zamani tayari. Breguet alijulikana kwa kuukimbia mtindo huo, akitumia mitambo ya aina nyingine, kama ya silinda ya rubi na ya ankra, na mingine aliyoibuni mwenyewe. Verji yenye mnyororo na jina lake kubwa usoni karibu kila mara ni ya kughushi, na nyingi zilitoka Geneva na vijiji vya milima ya Jura, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, si Paris. Ukitaka neno la mwisho, tafuta namba ndani ya saa. Nyumba ya Breguet ipo hadi leo na vitabu vyake vya mauzo vya zamani vimehifadhiwa. Saa ya kweli ina namba, na namba hiyo huonekana kitabuni.

Usimchukie muuzaji. Euro 280 ni bei ya verji ya fedha ya kawaida. Angekuwa na Breguet ya kweli mkononi, msingekuwa mnazungumza sokoni.

Sasa ukiliweka jina pembeni, tazama ulichonacho. Hicho kifuniko cha duara ni daraja linaloshika gurudumu la mizani. Kama ni la Kifaransa au Kiswisi, limekaa juu ya mizani kama daraja hasa, na limefungwa kwa skrubu mbili, moja kila upande. Waingereza walitengeneza la mguu mmoja, skrubu moja. Ni alama ninayoitazama kwanza nikitaka kujua saa imezaliwa upande gani wa bahari, kabla hata sijasoma maandishi. Yale majani yamekatwa kwa mkono kwa msumeno mwembamba sana, kisha yakachongwa mishipa kwa patasi ndogo, kisha shaba yote ikapakwa dhahabu iliyochanganywa na zebaki na kuchomwa motoni mpaka zebaki ikapaa kwa moshi. Mafundi wa kazi hiyo walivuta sumu kila siku. Rangi ya manjano iliyokolea unayoiona ndani ndiyo kazi yao, na ni ganda jembamba tu.

Skrubu na mishale ya buluu haikupakwa rangi. Ni chuma kigumu kilichong'arishwa na kupashwa moto polepole mpaka karibu nyuzi 300, ambapo chenyewe hugeuka kuwa buluu. Ukizidisha kidogo rangi inapita na kuwa kijivu, na fundi anaanza upya kung'arisha. Mtu aliyetengeneza mishale yako hakuwa na kipimajoto. Alitumia macho.

Watu wengi hudhani saa kama hii ilitengenezwa na bwana mmoja ameinama mezani tangu mwanzo hadi mwisho. Haikuwa hivyo. Mmoja alitengeneza magurudumu, mwingine springi, mwingine nyuso za enameli, mwingine makasha. Katika Jura, familia za wakulima zilifanya sehemu ya kazi hiyo ndani ya nyumba wakati wa baridi. Hata minyororo ilikuwa biashara yake: huko Christchurch, kusini mwa Uingereza, wanawake na watoto waliunganisha vipande hivyo kimoja kimoja kwa ribiti, na wengi waliharibikiwa macho. Jina la mwisho lililoandikwa usoni mara nyingi lilikuwa la mwenye duka. Kwa hiyo jina la uongo usoni halifanyi kazi iliyo ndani kuwa ya uongo.

Tuje kwenye ugonjwa wenyewe.

Ndani kuna pipa, na ndani ya pipa kuna springi kuu. Springi ina tabia mbaya: ikiwa imejaa inavuta kwa nguvu nyingi, ikielekea kuisha inavuta kidogo. Saa ya verji haivumilii tofauti hiyo. Ikivutwa kwa nguvu inakimbia, ikivutwa kidogo inachelewa. Dawa waliyoipata mafundi wa kale ni ile koni yenye mfereji unaozunguka, ambayo Wafaransa huiita fusée. Mnyororo, mithili ya ule wa baiskeli uliopunguzwa mpaka ukawa mwembamba kuliko kijiti cha kibiriti, unaunganisha pipa na koni. Ukitia ufunguo, unazungusha koni, na mnyororo unahama kutoka kwenye pipa kwenda kwenye mfereji, kuanzia chini palipo panene kwenda juu palipo pembamba. Springi ikiwa imejaa, inavuta pale pembamba, ambapo nguvu yake inafaidisha kidogo. Kadiri inavyochoka, mnyororo unashuka kwenda panene, ambapo hata mvuto mdogo unatosha. Nguvu inayofika kwenye magurudumu inabaki karibu ile ile tangu asubuhi mpaka asubuhi. Mimi bado naona ni moja ya akili nzuri zaidi zilizowahi kuingia kwenye kitu cha mfukoni.

Na sasa ule ugumu uliougonga. Pembeni ya koni kuna kidole kidogo cha chuma. Mnyororo ukifika mzunguko wa mwisho wa juu unakisukuma, nacho kinaingia kwenye mdomo wa koni na kuizuia isiendelee. Huo ndio ukomo wa kawaida. Saa ilikuwa inakuambia "nimeshiba", basi. Hakuna kitu kinachoitwa kujaza saa kupita kiasi. Kuna saa iliyojaa ambayo haitembei, na hayo ni mambo mawili. Hatari iko kwa anayeukuta ukomo huo, akadhani ni kutu, akaongeza nguvu. Hapo kidole kinavunjika au mnyororo unakatika, na mnyororo ukikatika ukiwa umevutwa, unachapa kila kilicho karibu.

Kwa hiyo nguvu ipo ndani. Swali ni kwa nini haifiki mwisho wa safari. Baada ya koni kuna magurudumu kadhaa, na la mwisho ni gurudumu la taji, lenye meno yaliyosimama kama jina lake linavyoonyesha. Meno hayo yanasukuma mabapa mawili madogo yaliyo kwenye mhimili wa mizani, moja juu, moja chini, kwa zamu. Jino la juu linasukuma, mizani inageuka, jino la chini linakamatwa, mizani inarudi. Kila pigo unalolisikia ni jino kugonga bapa. Kufika hapo nguvu imeshakuwa ndogo mno, kiasi kwamba tone la mafuta yaliyoganda kwenye ekseli moja tu linatosha kuizima.

Saa inayolia dakika kumi ikasimama, kwa uzoefu wangu, kwanza ni mafuta yaliyokauka na vumbi. Pili ni mabapa yaliyoliwa na meno: baada ya miaka mia mbili ya kugongwa, chuma kinachimbika, na jino linanasa kwenye shimo lake. Tatu ni ncha ya ekseli iliyopinda kwa sababu mtu aliiangusha, pengine mwaka jana, pengine enzi za mfalme Louis-Philippe, karibu miaka mia mbili iliyopita. La kwanza ni kazi ya usafi. La pili na la tatu ni kazi ya mashine ya kukereza na mikono iliyotulia. Kutoka huku niliko siwezi kukuchagulia, na fundi atakayekupa jibu kwa picha ya simu usimpe saa yako.

Kuhusu mafuta ya cherehani: yanatambaa. Mafuta ya saa hutengenezwa yabaki pale yalipowekwa, tena kwa kiasi ambacho jicho tupu linakiona kwa taabu. Ya cherehani yatasambaa juu ya bamba zima la mtambo, yataingia kwenye springi nyembamba ya mizani na kuzigandisha duara zake, na saa itaenda mbio kwa siku mbili ukafurahi. Kisha yatakusanya vumbi na kuwa gundi. Na kama kuna mtu Tanga atapendekeza mafuta ya nazi, nayo mwambie ni ya wali.

Kung'arisha pia hapana. Ndani utaondoa lile ganda la dhahabu. Nje utafuta michoro na, kibaya zaidi, utafuta mihuri ya fedha ambayo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kasha. Itafute ndani ya kifuniko na kwenye shingo ya pete, kwa lenzi, ni midogo sana. Jogoo ni wa kati ya 1798 na 1819. Kichwa cha mzee ni 1819 hadi 1838. Kuanzia 1838 vitu vidogo vya fedha vya Paris vilipigwa kichwa cha nguruwe mwitu, na vya mikoani mnyama kaa. Ukikuta bata maji, huo ni muhuri ulioanza 1893 kwa fedha iliyotoka nje au isiyojulikana ilikotoka, yaani kasha limepita mikononi mwa serikali muda mrefu baada ya kutengenezwa. Kasha na mtambo wa ndani si lazima viwe na umri mmoja. Vimewahi kuoana na kuachana zaidi ya mara moja. Fedha iliyopiga weusi ifute kwa kitambaa laini kikavu, iishie hapo.

Ungeniuliza kuhusu uso, ningekuambia uutazame ule ukingo wa tundu la ufunguo. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya bati la shaba, na Wafaransa walipoamua kutia ufunguo kupitia usoni waliuweka ufunguo wa chuma milimita moja kutoka kwenye kioo. Ufunguo mkubwa kuliko mhimili unateleza, na enameli inabanduka hapo hapo. Karibu kila saa ya aina hii imebanduka kidogo pale. Ikiwa yako haijabanduka, una bahati. Nunua ufunguo wa saizi sawasawa kabla bahati haijaisha.

Sasa ufanye nini? Njia ya kwanza ni kuiacha ilivyo, isitiwe ufunguo, akae nayo baba kama kumbukumbu. Haitakugharimu kitu na haimdhuru mtu, na kwa saa iliyoliwa sana ndiyo njia ya heshima. Njia ya pili ni kuipeleka ifunguliwe, isafishwe, ipakwe mafuta yanayofaa, bila kubadilisha kitu. Kama ugonjwa ni uchafu tu, hii inatosha, na mimi ningeanzia hapa. Njia ya tatu ni matengenezo kamili: mhimili mpya wa verji, mabapa mapya, mnyororo kuunganishwa. Hapo nikuambie ukweli mchungu: gharama inaweza kupita bei uliyonunulia, na hutairudisha ukiiuza. Fanya hivyo kwa sababu unataka baba aisikie ikilia, si kwa hesabu ya faida.

Ukiwa Lyon hauko mbali na Besançon, mji ambao biashara ya saa ya Ufaransa ilikita mizizi tangu 1793, mafundi wa Kiswisi walipohamia huko. Kuna makumbusho ya saa, Musée du Temps, na huko huko Jura, Morteau, kuna shule inayofundisha ufundi huu mpaka leo. Tembelea makumbusho kwanza kama una siku moja. Ukishaona verji nyingine ishirini kwenye kabati, yako utaielewa bila mimi. Kisha tafuta fundi wa kurejesha saa za kale, siyo anayebadilisha betri dukani. Muulize amewahi kutengeneza verji ngapi zenye mnyororo. Muulize kama anakereza vipande mwenyewe. Mwambie unataka makadirio kwa maandishi kabla hajagusa kitu, na vipande vya zamani atakavyovitoa akurudishie kwenye bahasha. Fundi mzuri hatakasirika.

Jambo moja kabla ya kuipeleka kwa fundi: sasa hivi saa imejaa. Usifungue skrubu yoyote nyumbani, hasa zile mbili za daraja. Ukiitoa mizani wakati springi imejaa, magurudumu yote yanafunguka kwa kasi na gurudumu la taji linanyoa meno yake. Fundi atalegeza springi kwanza. Kuchungulia tu kwa kukunjua mtambo kwenye bawaba yake hakuna neno, ila ushike kingo, si bamba la mtambo. Jasho la kidole linaacha alama ya kutu kwenye chuma.

Ikishapona na ikafika Tanga, adui wake ni hewa ya bahari. Mnyororo, mishale ya buluu na springi ya mizani vyote ni chuma, na chumvi haina subira. Isikae dirishani wala ndani ya droo ya mbao iliyo ukutani upande wa pwani. Boksi linalofunga vizuri, lenye vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vinavyobadilishwa kila vikishiba, linatosha.

Na umweleze mzee namna ya kuitumia, kwa sababu saa za leo zimetuzoesha vibaya. Aitie ufunguo mara moja kwa siku, saa ile ile; inaenda kama saa 30 tu. Upande mmoja ufunguo utakubali na mwingine utakataa, unaokataa asiulazimishe. Akiwa anatia ufunguo saa huenda ikanyamaza, kwa sababu wakati huo mnyororo hauvuti magurudumu. Ni kawaida, akiacha itaendelea. Akikuta ukomo, aache. Kurekebisha mwendo kuna kisahani kidogo cha fedha karibu na daraja chenye tarakimu na pengine herufi A na R: kuelekea A inaongeza mwendo, kuelekea R inapunguza. Asogeze kidogo mno, angoje siku nzima, ndipo asogeze tena. Asitegemee iende sawa na simu. Verji iliyo na afya hupotea dakika kadhaa kwa siku, na fundi atakayekuahidi chini ya hapo anakuuzia maneno.

Ukipata namba ndani au muhuri usiouelewa, nitumie picha iliyopigwa mchana karibu na dirisha, bila flashi, na uniambie kipenyo cha kasha kwa milimita.